Ncha Iliyobaki Sikioni

Ambakisye aliingia karakanani kwangu saa mbili asubuhi, Ijumaa ya maulizo, ameushika waya wake mwekundu kwa vidole viwili na uso umemsawijika.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Zamu yako saa tano."

"Najua, fundi. Lakini taa imezimika."

Nikaiacha chai yangu. Mfungwa aliyebakiza siku kumi na nne hachezi na taa. Kisanduku kilichoning'inia kifuani mwake kilisoma siku 2,541 kati ya 2,555, na kijitaa cha kijani pembeni kilikuwa kimekufa. Taa ikizimika hesabu husimama, na siku ambayo haikuhesabiwa hairudi. Nilimkalisha kwenye kiti cha mbao, nikamgeuza kichwa ili sikio la kulia lielekee dirishani.

"Imezimika lini?"

"Jana jioni. Nilikuwa nafunga mzigo wa kuni, waya ukanaswa."

Magereza yalifungwa nilipokuwa darasa la sita. La mji wetu sasa ni soko la viazi. Watu walishangilia sana siku hiyo, na mimi nilipeperusha kibendera, maana tuliambiwa hakuna tena binadamu atakayefungiwa. Mtu akiua, analala kwake, analima shamba lake, anakwenda kanisani. Ila anatobolewa tundu dogo kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anachomekwa pini, na kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama anasikia sauti ya wale waliofiwa kwa mkono wake. Hawezi kuziba masikio, kwa sababu sauti haipiti masikioni. Waya ni mwekundu kwa amri ya sheria, ili watoto wauone waulize, na wakiuliza waambiwe.

Mimi ndiye fundi wa nyaya hizo hapa wilayani. Tusekile ni jina langu, ingawa wafungwa wangu sitini na watatu hawajawahi kuniita hivyo.

Nikaivuta pini taratibu. Ilitoka kirahisi kupita kiasi, na nilipoinyanyua kwenye mwanga nikaona ni fupi. Haikuwa na ncha.

Pini ya sikio ina sehemu tatu. Mbele kuna ncha, ambayo ndiyo inayopeleka sauti mfupani. Katikati kuna pete, inayopeleka mpigo mdogo wa umeme kukiambia kisanduku kwamba pini imo. Nyuma kuna shina, linalorudisha umeme nyumbani. Zimetenganishwa na mikanda miwili myeusi ya plastiki, na zote zimeshikwa na kijiti kimoja chembamba kinachopita katikati. Ukiipinda pini, kijiti hukatika mbele, ncha inabaki tunduni peke yake, na kisanduku hakijui lolote. Pete bado inapiga mpigo wake, taa bado inawaka, siku bado zinahesabiwa. Aliyebuni kifaa hiki alikaa ofisini maisha yake yote, hakuwahi kubeba mkungu wa ndizi.

"Ncha iko wapi?" nikamwuliza.

"Imekatika jana, fundi. Si nimekwambia."

Sasa shina nalo lilikuwa limepasuka, ndiyo maana taa ilizimika. Hilo lilikuwa la jana, niliona mng'ao wake. Lakini pale ncha ilipokatikia palikuwa peusi, pameota ukungu wa kijani, na jasho la miaka limeganda juu yake.

"Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, Ambakisye. Nitafutie uongo mwingine."

Akainamisha kichwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, mikono ya jembe.

"Mwisho wa mwaka wa tatu, masika," akasema. "Niliteleza na mkungu kwenye mteremko wa kanisani. Nikasikia kitu kimesema 'ta' ndani ya kichwa. Halafu kimya."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa palepale kwenye matope, nikalia kwa furaha. Nilikuwa nimesahau mvua inavyosikika, fundi. Karibu miaka mitatu sikuwa nimesikia mvua."

"Nani anajua?"

"Sekela," akasema. Sekela ni mkewe. Alimwoa akiwa tayari na waya shingoni, na wana mtoto mmoja. "Yeye ndiye aliyesema ninyamaze. Alisema Mungu mwenyewe ndiye aliyeikata."

Damu ilinisimama, na niwe mkweli, haikusimama kwa ajili yake.

* * *

Sheria inasema kila mwezi fundi aunganishe waya wa pili kwenye kisanduku, aweke kisikio chake mwenyewe, asikilize robo saa, ndipo apige muhuri wa NIMESIKIA. Mzee Mwakipesile, aliyenifundisha kazi, alifuata sheria hiyo kikamilifu. Wafungwa sitini kila mwezi, wajane, mama, watoto wa marehemu, wote wakimlilia sikioni. Mwaka wangu wa pili kazini akaanza kuandaa sahani za ziada mezani na kuwaita marehemu kwa majina yao waje kula. Mkewe akafungasha akaondoka. Kabla hajaacha kazi alinishika mkono akaniambia, "Tazama taa, soma siku, piga muhuri. Ukitaka kuzeeka na akili zako, kisikio kiweke kabatini."

Nikakiweka kabatini. Mafundi wote ninaowajua wamekiweka kabatini. Tukikutana kwenye semina tunaulizana habari za watoto na bei ya mbolea, na hakuna anayemwuliza mwenzake anasikia nini. Msinikunjie uso. Ningetaka kumwona mmoja wenu akisikiliza vilio sitini kwa mwezi, kisha arudi nyumbani akapike.

Tatizo ni kwamba sheria ina mkia. Fundi akithibitisha sauti ambayo hakuisikia, naye hutobolewa tundu, na huvalishwa sauti ileile kwa siku zote alizozipigia muhuri. Tangu pini ya Ambakisye ikatike nilikuwa nimepiga mihuri arobaini na saba. Ni karibu miaka minne. Na mfungwa akigundulika kwamba alificha ubovu, anaanza upya tangu siku ya kwanza, na yeyote wa nyumba yake aliyejua anavalishwa waya pamoja naye.

"Utasema, fundi?" akaniuliza.

"Nyamaza nifikiri."

Nikafunga mlango kwa komeo, nikavuta pazia. Uamuzi haukunichukua hata dakika mbili. Ningeitoa ncha ile, ningeweka pini mpya, siku kumi na nne zingeisha, na kila mtu angekwenda zake.

Kutoa ncha iliyobaki tunduni ni kazi ndogo ukiwa na mkono uliotulia. Nilichukua mrija wa wino wa peni iliyokwisha, nikaukata, nikaupasha moto kidogo kwenye mdomo wake upanuke ulingane na ncha. Nikatia tone moja la supa gluu. Moja tu, kwa sababu likizidi linamwagika pembeni na ncha inaganda mle milele. Nikausukuma mrija mpaka uguse, nikahesabu hadi mia mbili, nikavuta. Ulitoka mtupu. Ambakisye alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono yote miwili na machozi yanamchuruzika. Mara ya pili nikauzungusha kidogo kabla ya kuvuta. Ncha ikatoka na tone la damu, kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele.

Nikamfuta damu, nikachukua pini mpya, nikailehemu kwenye waya, nikaichomeka. Taa ikawaka.

Ningemwondosha hapo hapo. Lakini nilikuwa nimeogopa, na mwenye woga anakuwa mwangalifu ghafla. Nilitaka kuwa na hakika kwamba pini hii inapeleka sauti. Nikafungua kabati, nikapangusa vumbi kwenye kisikio changu, nikaunganisha waya wa pili, nikakiweka sikioni kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na saba.

Nilitarajia laana. Nilisikia sauti ya mwanamke mzima, ya taratibu, ya mtu aliyekaa kwenye kigoda akichambua maharage.

"Ambakisye, ni mimi, Mama Nsajigwa. Yale ya mwanzo nimeyafuta. Nimechoka kukulaani, mwanangu, na laana hazinirudishii kitu. Nimekusamehe. Nakuomba jambo moja tu. Niambie ulimfukia wapi. Nataka nimzike mahali ambapo naweza kwenda kung'oa magugu. Mwambie fundi siku anapokupima, yeye ataniambia. Siku nikimwona mwanangu, siku hiyohiyo nitatia dole gumba waya utolewe. Sitauliza ulimpiga vipi. Usiogope. Nitakuwa nasubiri kila Ijumaa ya maulizo."

Kimya kifupi, kisha ikaanza tena. "Ambakisye, ni mimi, Mama Nsajigwa..."

Nilimtazama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Anasema haya tangu lini?" akaniuliza kupitia vidole.

Tarehe ilikuwa kwenye kisanduku. Familia ya marehemu inaruhusiwa kubadilisha sauti mara moja, mwanzo wa mwaka wa nne. Sauti hufungwa kwa lakiri. Hata karani wa mahakama haisikii. "Tangu siku ya kwanza ya mwaka wa nne," nikamjibu.

Akacheka. Kicheko kimoja kifupi, kibaya. "Ningetoka," akasema. "Fundi, ningetoka miaka minne iliyopita. Mwanangu anadhani kila baba ana waya."

Mimi nilikuwa nawaza jingine. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Mama Nsajigwa huja kwenye ukumbi wa maulizo, kama ilivyo haki ya mfiwa, na huniuliza mbele ya karani, "Amesikia?" Nami hujibu, "Amesikia, mama." Kisha yeye, tofauti na wafiwa wengine, huuliza, "Hajasema neno?" Nami hujibu, "Hajasema." Siku zote nilidhani ni udadisi wa mama mwenye uchungu. Mara arobaini na saba nilikuwa namwambia: muuaji wa mwanao amekusikia ukimwomba, na amekukatalia.

"Yuko wapi?" nikamwuliza Ambakisye.

Hakusita. "Ndwati. Nyuma ya kibanda cha pampu ya zamani, hatua kumi kuelekea mgombani. Mahakamani nilisema nilimtupa mtoni. Maiti ingeonyesha mapigo matatu, na mapigo matatu ni waya wa maisha. Fundi, mwambie. Mwambie na ukweli wote. Sema pini ilikatika, sikusikia. Mimi nitaanza upya, sawa, niliua mtu. Lakini ajue sikumnyamazia."

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu mwema. Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe, muuaji yule, na alikuwa tayari kulipa. Nami ningelipa pia, miaka minne ya sauti ile ya upole, na labda ningeistahili.

"Na Sekela?" nikamwambia.

Akaushika waya wake.

"Ukisema pini ilikatika, karani atauliza nani alijua. Watamleta Sekela, watamwapisha. Mke wako anajua kudanganya?"

"Hajui."

"Watamtoboa. Mtoto atalelewa na nani? Na nyaya mbili nyumbani?"

Nilikuwa nasema kwa sauti ya huruma, kama dada mkubwa. Nilimwona akijikunja pole pole kwenye kile kiti, na nikaendelea.

"Tumwambie mahali tu. Ampate mwanawe, amzike. Nitasema leo umeamua kusema. Ataridhika, hata siku zako kumi na nne huenda akakufutia. Kila mtu anapata chake, Ambakisye."

"Ataniona shetani. Atajua nilisikia nikakaa kimya."

"Kwa siku kumi na nne. Baada ya hapo hutamwona tena."

Sauti ile ilikuwa ikizunguka kichwani mwake na kwenye kisikio changu kwa pamoja. Mwisho akatikisa kichwa kukubali. Nikapiga muhuri wa arobaini na nane, na kwa mara ya kwanza ulikuwa wa kweli.

* * *

Ukumbi wa maulizo ni chumba kidogo chenye benchi mbili na meza ya karani. Karani wetu, Bwana Mwasomola, ni mtu wa haki asiye na haraka, anayeandika kila neno kwa mkono. Mfungwa husimama ukutani na haruhusiwi kusema. Akisema, kikao kinavunjika na uchunguzi unafunguliwa juu ya nyumba yake yote. Kupitia dirishani nilimwona Sekela uani, amekaa kwenye ngazi na mtoto mapajani, anamvua sweta.

Mama Nsajigwa aliingia saa nane kamili. Bado watu wote wanamwita kwa jina la mwanawe aliyekufa, na yeye mwenyewe hataki jingine. Tuliamkiana, akakaa, akaweka kitambaa chake magotini, akauliza.

"Amesikia?"

"Amesikia, mama."

"Hajasema neno?"

"Leo amesema."

Kitambaa kikaanguka. Bwana Mwasomola akainua kalamu. Nikasema mahali, kama nilivyoambiwa: Ndwati, nyuma ya kibanda cha pampu ya zamani, hatua kumi kuelekea mgombani. Nilisema kwa furaha kidogo, Mungu anisamehe, kama mtu aliyeleta zawadi.

Hakulia. Alinitazama kama anayetafuta kitu usoni mwangu.

"Ndwati ipi?"

"Hii ya hapa chini, mama."

"Ndwati si bwawa?"

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau. Mimi naishi huku juu, na kwangu bwawa lile ni umeme tu unaokuja na kuondoka. Bonde la Ndwati lilijazwa maji mwaka mmoja na nusu uliopita, kibanda, migomba na kila kitu. Nilimtazama Ambakisye ukutani, na macho yake yakaniambia kwamba yeye hakusahau. Alijua, na alidhani mama yule angeshukuru hata hivyo kupata kujua.

"Walitupa miezi mitatu tuhamishe makaburi," Mama Nsajigwa akasema. Alikuwa anamwambia karani sasa, kwa utulivu, kama anayeeleza njia. "Kila mwenye mtu wake aliambiwa aje amchukue. Dada yangu ameolewa Ndwati. Nilikwenda na jembe kumsaidia kumfukua mume wake. Jua lilikuwa kali. Tulipochoka tulikaa nyuma ya kibanda cha pampu, kwenye kivuli, tukala viazi."

Bwana Mwasomola aliacha kuandika.

"Nilikuwa na jembe mkononi," akasema tena.

Uani mtoto wa Sekela alikuwa anacheka kitu fulani. Kisha Mama Nsajigwa akanigeukia, akavuta benchi lake karibu, na akaniuliza swali ambalo tangu hapo nimelisikia kila siku bila waya wowote.

"Mwanangu, wewe ndiye unayempima. Sauti yangu ilianza kumfikia lini? Kuna siku ilipotea? Labda mashine iliharibika. Labda hakusikia. Niambie tu kama hakusikia."

Alikuwa ananisihi. Mnaelewa? Alikuwa ananiomba nimpe sababu yoyote ya kutomchukia yule mtu. Neno moja tu lingemtosha. Ncha ilikuwa mfukoni mwangu, bado ina damu. Ningeiweka mezani mbele ya Bwana Mwasomola na mambo yangejieleza yenyewe. Niliiona miaka minne yangu. Niliona waya mwekundu ukishuka kwenye gauni langu la kanisani, na watoto wa jirani wakiuliza, na wakijibiwa.

"Ilimfikia tangu siku ya kwanza, mama," nikasema. "Haikupotea hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Nilisikiliza mwenyewe kila mwezi."

Ambakisye alifungua mdomo. Nilimwona. Kifua kilipanda, shingo ikatoka mishipa, na macho yake yakaenda dirishani, pale kwenye ngazi. Yakakaa hapo. Mdomo ukafunga. Nilishukuru, na sitaki kujifanya kwamba sikushukuru.

"Basi alisubiri maji yajae," Mama Nsajigwa akasema. Akaokota kitambaa chake sakafuni, akakikunja mara nne. "Bwana karani, mfiwa ana haki ya kuongeza?"

"Anayo, mama. Mara moja, kabla ya siku ya mwisho. Kifungo kinarudiwa chote, na sauti inaweza kuwekwa upya. Lakini ukishaongeza hakirudi nyuma."

"Andika."

"Na sauti?"

"Nitaweka nyingine."

* * *

Sauti mpya ililetwa Jumatatu, imefungwa kwa lakiri. Sikuwa na ujasiri tena wa kutazama taa peke yake. Niliisikiliza kabla Ambakisye hajaja, mlango umefungwa.

Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Ule upole wote ulikuwa umekwisha. "Ulinisikia nikiomba. Nilikaa juu yake na jembe mkononi, nawe umenyamaza. Ulisubiri maji. Wewe si mtu, na siku utakayokufa nataka jambo la mwisho utakalolisikia liwe hili." Kisha inaanza tena. Nilisikiliza robo saa nzima kama sheria inavyotaka. Kila neno lilikuwa langu. Lilikuwa limeandikwa anwani isiyo sahihi, na mimi ndiye niliyeiandika.

Ambakisye alikaa kwenye kiti bila kuambiwa, akageuza kichwa mwenyewe kuelekea dirishani. Kisanduku kilisoma siku 0. Nilimwambia pini hii ni imara, haitamsumbua.

"Sekela anasema nikushukuru," akasema. "Hajui yaliyotokea ukumbini. Anadhani umetuficha."

"Sikuwa na njia nyingine."

"Ulikuwa nayo, fundi." Hakupandisha sauti. "Mimi niliua mtu mmoja. Nilihukumiwa, nimekubali. Wewe nenda kahesabu wako."

Nikachomeka. Uso wake ulibadilika mara moja, nami sikuangalia zaidi. Nilijaza fomu. Alipofika mlangoni alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama wanavyofanya wote siku za kwanza, wakijaribu kuikwepa sauti isiyotoka upande wowote.

Mwezi uliofuata Mama Nsajigwa alinitumia ujumbe kwamba Jumamosi wanakwenda Ndwati kuaga, na kwamba nisikose. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungeulizwa.

Watu walikuwa kama arobaini ukingoni mwa bwawa. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba nyimbo mbili. Hapakuwa na jeneza. Walikuwa wamechota udongo kutoka nyumbani kwao, umejaa beseni jekundu la plastiki, na kwa kuwa hapakuwa na kaburi la kuutupia, wangeutupa majini. Kwetu wa kwanza kutupa udongo ni mzazi, kisha ndugu wa damu, kisha wengine kwa ukaribu wao. Mama Nsajigwa alitupa kiganja chake cha udongo. Dada yake akasogea, mama akamzuia kwa mkono.

"Subiri kidogo," akasema. Kisha akaniita kwa jina langu, mbele ya wote. "Tusekile, njoo mwanangu. Wewe ndiye ndugu yake wa kwanza leo. Miaka minne ulinisikilizia, ukanibebea sauti yangu, mpaka mwanangu akapatikana. Bila wewe ningekufa sijui alipolala. Ndaga fijo, asante sana."

Watu walinipisha. Baadhi ya wanawake walinigusa bega nikipita. Alinijazia udongo kwenye viganja, mwingi, bado una unyevu wa shambani kwake, na akaishika mikono yangu kwa chini ili usimwagike.

Niliupokea kwa heshima, kwa mikono yote miwili, nikautupa.